Bill Finger

Milton "Bill" Finger (Denver, Colorado, 8 Februari 1914 – New York, 18 Januari 1974) alikuwa mwandishi wa hadithi za katuni, filamu na vipindi vya televisheni kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mtu aliyembuni shujaa Batman akishirikiana na mchoraji Bob Kane. Alishiriki pia kubuni wahusika wengine wengi wanaofahamika duniani kote, wakiwemo Joker, Robin, Catwoman, Penguin, Riddler na Green Lantern wa kwanza.

Pamoja na kazi hiyo kubwa, kwa muda wa miaka 76 jina lake halikuandikwa popote kama mbunifu wa Batman. Sifa zote na sehemu kubwa ya mapato vilikwenda kwa Kane peke yake, kutokana na mkataba ambao Finger hakuhusishwa nao. Mabadiliko yalikuja mwaka 2015, na yalitokana kwa kiasi kikubwa na mashabiki wa katuni ambao kwa nusu karne walikuwa wakiandika, wakichunguza na kubishana ili ukweli ujulikane. Kwa sababu hiyo maisha ya Finger hutumiwa mara nyingi kama mfano katika mijadala kuhusu haki za waandishi na wachoraji.

Maisha ya awali

Finger alizaliwa mjini Denver katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Louis Finger, alikuwa mhamiaji kutoka Austria-Hungaria aliyefika Marekani mwaka 1907. Mama yake, Tessie, alitoka New York. Milton alikuwa na dada wawili, Emily na Gilda.

Baadaye familia ilihamia Bronx, mojawapo ya sehemu tano za jiji la New York, ambako baba alikuwa na duka la ushonaji. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliharibu biashara nyingi ndogo, na duka hilo nalo lilifungwa. Finger alimaliza masomo yake katika shule ya sekondari ya DeWitt Clinton, huko Bronx, mwaka 1933. Wakati huo ajira zilikuwa haba sana. Alitamani kuwa mwandishi, lakini ili apate riziki alifanya kazi ya muda ya kuuza viatu.

Kukutana na Bob Kane

Mwaka 1938 Finger alikutana na Bob Kane kwenye karamu. Kane, aliyezaliwa mwaka 1915 kwa jina la Robert Kahn, alikuwa amesoma katika shule ileile ya DeWitt Clinton na tayari alikuwa anauza michoro yake kwa wachapishaji. Alihitaji mtu wa kumtungia hadithi, naye Finger alihitaji kazi ya kuandika. Wakakubaliana kwamba Finger aandike na Kane achore. Kazi yao ya kwanza ilikuwa mfululizo wa Rusty and His Pals.

Makubaliano hayo yalikuwa ya mdomo tu. Finger alilipwa na Kane, wala hakuwa mwajiriwa wa kampuni ya uchapishaji. Hadithi zilipotoka zilikuwa na sahihi ya Kane peke yake. Utaratibu huo wa mtu kuandika bila kutajwa ulikuwa wa kawaida katika biashara ya katuni ya wakati ule, na vijana wengi waliukubali kwa kuwa walihitaji fedha. Tena vitabu vya katuni vilidharauliwa, vikionekana kuwa vitu vya watoto vya senti 10 ambavyo vingesahaulika baada ya miezi michache. Hakuna aliyetazamia kwamba mhusika aliyebuniwa humo angekuja kuingiza mamilioni ya dola.

Kuzaliwa kwa Batman

Katikati ya mwaka 1938 Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, alitokea katika toleo la kwanza la Action Comics na kupata umaarufu mkubwa. Wachapishaji walianza kutafuta mashujaa wengine wa aina hiyo. Mhariri Vin Sullivan alizungumza na Kane, naye Kane akaahidi kuleta shujaa mpya baada ya siku chache.

Kane alichora mtu mwenye vazi jekundu la kubana mwili, kibarakoa kidogo kilichofunika macho tu, na mabawa magumu kama ya popo. Alimwita Bat-Man. Kisha akamwonyesha Finger mchoro huo. Kwa mujibu wa maelezo ya Finger, ambayo Kane mwenyewe alikuja kuyathibitisha kwa sehemu kubwa, Finger alipendekeza mabadiliko yafuatayo:

- kibarakoa kidogo kiondolewe na badala yake shujaa avae kofia inayofunika kichwa na sehemu ya juu ya uso, yenye masikio marefu ya popo;
- macho yaonekane meupe bila mboni, ili shujaa awe wa kutisha;
- mabawa magumu yaondolewe, mahali pake pawe na joho lenye pindo lililochongoka, ambalo lingepepea kama mabawa anapokimbia;
- avae glovu, asije akaacha alama za vidole;
- rangi nyekundu iondolewe, vazi liwe la kijivu na nyeusi.

Finger ndiye pia aliyempa shujaa huyo jina lake la kiraia, Bruce Wayne. Sehemu ya kwanza aliitoa kwa Robert the Bruce, mfalme wa Uskoti, na sehemu ya pili kwa Anthony Wayne, jenerali wa vita vya uhuru vya Marekani. Alitaka jina lenye sauti ya kitajiri na kikabaila. Alisisitiza vilevile kwamba Batman awe mpelelezi anayetumia akili, kwa kuwa hakuwa na nguvu za ajabu kama Superman.

Hadithi ya kwanza ya Batman ilitokea katika Detective Comics toleo la 27, la Mei 1939. Iliandikwa na Finger na inaitwa The Case of the Chemical Syndicate. Katika ukurasa wa kwanza lilichapwa jina la Kane tu. Watafiti wa baadaye walionyesha kwamba mpango wa hadithi hiyo ulifuata kwa karibu hadithi moja ya The Shadow, shujaa wa majarida ya bei nafuu ya miaka ya 1930. Finger hakuficha kwamba alivutiwa na majarida hayo.

Wahusika na mambo mengine aliyobuni

Dunia anamoishi Batman ilijengwa hatua kwa hatua, na Finger alikuwa na mkono katika sehemu kubwa ya ujenzi huo.

Katika Detective Comics toleo la 33 (Novemba 1939) kulitokea kurasa mbili zinazoeleza chanzo cha Batman: mtoto Bruce anashuhudia wazazi wake wakiuawa na jambazi barabarani, kisha anaapa kupambana na uhalifu maisha yake yote. Kurasa hizo zinatambuliwa kuwa kazi ya Finger. Ndizo zilizompa shujaa huyo sababu ya kufanya anayoyafanya, na tangu hapo kisa hicho kimerudiwa mara nyingi katika filamu na televisheni. Mwaka 1948 Finger alikirudia kwa urefu zaidi, akampa muuaji jina la Joe Chill.

Robin, kijana msaidizi wa Batman, alianza katika toleo la 38 (Aprili 1940). Finger aliona kwamba shujaa anayefanya kazi peke yake hana mtu wa kuzungumza naye, hivyo mawazo yake hayawezi kuelezwa kwa urahisi. Robin alitatua tatizo hilo, na vilevile aliwavutia wasomaji watoto.

Toleo la kwanza la jarida la Batman (1940) lilileta maadui wawili wakubwa, Joker na Catwoman, ambaye hapo mwanzo aliitwa Cat tu. Kuhusu Joker, wahusika wote watatu walitoa maelezo tofauti. Mchoraji Jerry Robinson alisema alianza na karata yenye picha ya mzaha. Kane alidai kwamba wazo lilikuwa lake na Finger. Jambo ambalo halina ubishi mkubwa ni kwamba Finger alileta picha ya mwigizaji Conrad Veidt kutoka filamu ya The Man Who Laughs ya mwaka 1928, na uso ule wenye tabasamu lisilofutika ukawa kielelezo cha sura ya Joker.

Jina la mji wa Gotham pia lilitoka kwa Finger. Alikuwa akipekua kitabu cha simu cha New York akaona jina la duka la vito lenye neno Gotham, ambalo ni jina la utani la zamani la jiji hilo. Alilichagua ili msomaji wa mji wowote ajione kwamba hadithi inamhusu. Kamishna Gordon, Penguin, Two-Face, Scarecrow na Riddler ni baadhi ya wahusika wengine waliotokea kwanza katika hadithi zake au katika kazi aliyoshirikiana na wengine. Riddler, kwa mfano, alibuniwa na Finger na mchoraji Dick Sprang mwaka 1948.

Hata hivyo, si kila kitu kinachohusu Batman ni cha Finger. Mwandishi Gardner Fox ndiye aliyeleta mkanda wenye vifaa na silaha ya kurushwa yenye umbo la popo, wote katika mwaka 1939. Robinson, Sprang na Sheldon Moldoff walichora kurasa nyingi ambazo ziliwafikia wasomaji zikiwa na sahihi ya Kane.

Namna yake ya kufanya kazi

Finger alikuwa na desturi ya kubeba daftari alimoandika kila jambo la ajabu alilosoma au kuliona: namna mashine inavyofanya kazi, mila za mbali, ukweli wa kisayansi. Kutoka humo alichota mbinu za wahalifu na njia ambazo Batman alizitumia kujinasua. Mara nyingi aliwapa wachoraji picha alizokata magazetini ili wasikisie tu umbo la kitu.

Alama inayomtambulisha zaidi ni mapambano yanayofanyika juu ya vitu vya kawaida vilivyokuzwa kupita kiasi, kama mashine ya chapa kubwa kama nyumba. Vitu hivyo vilimpa mchoraji nafasi ya kuonyesha ufundi wake, na wasomaji walivipenda.

Udhaifu wake ulikuwa ucheleweshaji. Alirudia kazi yake mara kwa mara na mara nyingi alikosa tarehe aliyopangiwa. Kwa mtu aliyelipwa kwa kila ukurasa anaoukabidhi, tabia hiyo ilimaanisha kipato kidogo na madeni. Wahariri walilalamika, lakini waliendelea kumpa kazi kwa sababu ya ubora wa hadithi zake. Aliandika hadithi za Batman kwa takriban robo karne.

Kazi nyingine

Mwaka 1940 Finger alishirikiana na mchoraji Martin Nodell kumwendeleza Green Lantern, aliyetokea kwanza katika All-American Comics toleo la 16. Mwaka 1942, pamoja na Irwin Hasen, alileta mwanamasumbwi Wildcat. Aliandika pia hadithi za Superman na za Superboy. Hadithi yake ya mwaka 1949 ndiyo iliyoingiza katika vitabu vya katuni jiwe la kryptonite, linalomwondolea Superman nguvu. Kabla ya hapo jiwe hilo lilikuwa limesikika katika mchezo wa redio tu. Lana Lang, rafiki wa utotoni wa Superman, naye alitokea kwanza katika hadithi ya Finger ya mwaka 1950.

Katika televisheni alishirikiana na mwandishi Charles Sinclair. Wawili hao waliandika hadithi ya sehemu mbili kwa ajili ya mfululizo wa Batman ulioigizwa na Adam West. Ilihusu mhalifu anayeitwa Clock King na ilirushwa Oktoba 1966. Hapo jina la Finger lilionekana kwenye skrini kama mwandishi wa sehemu hizo mbili, ingawa kipindi hichohicho kilimtaja Kane peke yake kuwa mbunifu wa Batman. Finger alichangia pia filamu ya The Green Slime (1968).

Mkataba wa Kane

Wakati Batman alipoanza, Kane alifanya mapatano na kampuni ambayo leo inaitwa DC Comics. Alikubali kuikabidhi haki za mhusika, na kwa upande wake akahakikishiwa malipo na jina lake kutajwa kama mbunifu pekee. Miaka ya 1940 alijadiliana upya na kupata masharti mazuri zaidi, na katika miaka ya 1960 akafanya hivyo tena.

Katika mazungumzo hayo yote Finger hakuwepo. Kisheria alikuwa mtu aliyeajiriwa na Kane kuandika, na baadaye mwandishi wa kulipwa kwa ukurasa katika kampuni. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba nusu ya wazo ilikuwa yake. Watu waliomfahamu walimweleza kuwa mpole na mwenye aibu, asiyependa ugomvi. Hakuwahi kwenda mahakamani.

Mashabiki waingilia kati

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, msomaji wa kawaida hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyeandika hadithi za Batman. Hali ilianza kubadilika kupitia kurasa za barua. Mhariri Julius Schwartz, ambaye katika ujana wake alikuwa shabiki mashuhuri wa hadithi za kisayansi, alichukua usimamizi wa Batman mwaka 1964 na kuanza kujibu maswali ya wasomaji kuhusu waandishi. Mwanzoni mwa mwaka 1965 alimtaja Finger hadharani katika ukurasa wa barua kuhusiana na wahalifu wa zamani wa Batman.

Katika majira ya joto ya mwaka huo Finger alialikwa kwenye mkutano wa mashabiki wa katuni mjini New York. Mikutano hiyo ilikuwa jambo jipya kabisa. Alikaa mbele ya wasikilizaji akaeleza namna Batman alivyoanza. Miongoni mwa waliofuatilia alikuwa Jerry Bails, mhadhiri wa chuo kikuu aliyesifika kama baba wa harakati za mashabiki wa katuni. Bails alizungumza na Finger kisha akaandika makala ya kurasa mbili iliyoeleza mchango wake na kuisambaza kwa mashabiki wenzake mnamo Septemba 1965. Makala hiyo iliwafikia watu wachache, lakini ilikuwa mara ya kwanza dai hilo kuwekwa kwenye maandishi kwa ukamilifu.

Kane alikasirika. Aliandika barua ndefu kwa jarida la mashabiki lililoitwa Batmania, akakana habari hiyo na kudai kwamba yeye peke yake ndiye mbunifu wa Batman. Hoja yake moja ilikuwa kwamba kama Finger angekuwa mbunifu mwenza, basi jina lake lingekuwa limechapwa pamoja na la kwake. Mashabiki wengi waliona kwamba hoja hiyo ilizunguka: jina la Finger halikuchapwa kwa sababu Kane mwenyewe ndiye aliyejihakikishia kuwa peke yake. Barua hiyo ilichapishwa mwaka 1967.

Mwaka 1970 Jim Steranko, mchoraji na mwanahistoria wa katuni, alichapisha kitabu cha historia ya katuni chenye maelezo aliyoyapata kwa Finger. Maelezo hayo yamekuwa chanzo muhimu kwa watafiti wote waliofuata.

Miaka ya mwisho na kifo

Finger alioa mara mbili, na ndoa zote mbili zilivunjika. Katika ndoa ya kwanza, na mkewe Portia, alipata mtoto mmoja wa kiume, Fred. Hali yake ya fedha haikutengemaa. Wakati Batman wa televisheni alipokuwa gumzo la Marekani nzima mwaka 1966, na bidhaa zenye alama ya popo zikiuzwa kila duka, Finger hakupata mgawo wowote wa mapato hayo.

Afya yake ilidhoofishwa na maradhi ya moyo. Alipatwa na mshtuko wa moyo zaidi ya mara moja kuanzia mwaka 1963. Tarehe 18 Januari 1974 alikutwa amefariki nyumbani kwake mjini New York, akiwa na umri wa miaka 59. Aliyemkuta ni rafiki yake Charles Sinclair.

Kwa muda mrefu mashabiki waliamini kwamba alizikwa katika makaburi ya maskini. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba sivyo. Mwili wake ulichomwa, na mwanawe alitawanya majivu kwenye ufuko wa bahari katika jimbo la Oregon, akiyapanga kwanza kwa umbo la popo. Finger hana kaburi.

Kauli ya baadaye ya Kane

Mwaka 1989, filamu ya Batman iliyoongozwa na Tim Burton ilipotoka, Kane alichapisha kitabu cha maisha yake. Humo alikiri kwamba Finger alikuwa nguzo tangu mwanzo, kwamba hakupata sifa aliyostahili, na kwamba laiti angeweza kurudi nyuma angeliweka jina lake. Wakati huo Finger alikuwa amefariki miaka 15 iliyopita. Kane hakuchukua hatua ya kubadilisha mkataba, na filamu iliendelea kumtaja yeye peke yake. Alifariki tarehe 3 Novemba 1998.

Utafiti na kutambuliwa

Mwandishi Marc Tyler Nobleman, shabiki wa Batman tangu utotoni, alianza katika miaka ya 2000 kutafuta habari za Finger. Picha zilizojulikana zilikuwa mbili tatu tu. Nobleman alipekua kumbukumbu za shule, vyeti na orodha za simu, akawatafuta ndugu na marafiki waliobaki. Ilidhaniwa kwamba Finger hakuwa na mrithi, kwa kuwa mwanawe alifariki mwaka 1992. Nobleman aligundua kwamba Fred aliacha binti, Athena Finger. Kuwepo kwake kulikuwa na uzito mkubwa, kwani dai la kisheria huhitaji mrithi wa kulisimamia.

Kitabu cha Nobleman, Bill the Boy Wonder, kilitoka mwaka 2012 kikiwa na michoro ya Ty Templeton. Mashabiki wengi walijiunga na juhudi zake. Walipaza sauti katika mikutano, wakaandika makala na kuikumbusha kampuni kila filamu mpya ilipotangazwa.

Mnamo Septemba 2015 DC Entertainment ilitangaza kwamba imefikia mapatano na familia ya Finger. Tangu Oktoba mwaka huo vitabu vya Batman vinaeleza kwamba mhusika aliundwa na Bob Kane pamoja na Bill Finger. Jina lake lilionekana pia katika msimu wa pili wa tamthilia ya televisheni ya Gotham na katika filamu ya Batman v Superman: Dawn of Justice ya Machi 2016. Filamu za Christopher Nolan za mwaka 2005, 2008 na 2012 zilikuwa zimekwisha kutoka bila kumtaja kama mbunifu.

Maoni ya mashabiki

Mapatano ya mwaka 2015 hayakumaliza mjadala. Kundi moja la mashabiki linaona kwamba Finger ndiye mbunifu mkuu, kwa kuwa vazi, jina, mji, chanzo cha shujaa na tabia yake vyote vilipitia mikononi mwake. Kwa mtazamo huo, kilichobaki cha Kane ni neno Batman na mchoro ambao haufanani na Batman anayejulikana. Kundi hili hulalamikia pia maneno yaliyotumika, likisema kwamba kumtaja Finger kuwa alikuwa pamoja na Kane kunamweka katika nafasi ya msaidizi.

Kundi la pili linasema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kane ndiye aliyeleta wazo la kwanza, ndiye aliyelipeleka kwa mhariri, na ndiye aliyempa Finger kazi. Pia alikuwa mjuzi wa biashara katika wakati ambapo wachapishaji waliwanyang'anya wabunifu kila kitu. Siegel na Shuster, kwa mfano, waliuza haki za Superman kwa dola 130 mwaka 1938.

Kundi la tatu linakumbusha kwamba wengine bado hawatajwi. Robinson, Fox, Sprang na Moldoff walichangia mambo ambayo filamu za leo zinayategemea. Wanaoshikilia maoni hayo wanaona kwamba shujaa aliyeandikwa kwa zaidi ya miaka 80 ni kazi ya watu wengi, na kwamba mtindo wa kutafuta mbunifu mmoja ndio uliomdhulumu Finger hapo mwanzo.

Makundi yote matatu yanakubaliana kuhusu jambo moja: bila Finger, Batman angekuwa tofauti sana, na huenda asingedumu.

Tuzo na kumbukumbu

Finger aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa Jack Kirby mwaka 1994 na ule wa Will Eisner mwaka 1999. Tangu mwaka 2005 mkutano wa Comic-Con wa San Diego hutoa Tuzo ya Bill Finger kwa waandishi wa katuni ambao hawakupata sifa waliyostahili. Tuzo hiyo ilianzishwa kwa pendekezo la Jerry Robinson. Washindi wa kwanza walikuwa Arnold Drake na, baada ya kifo chake, Jerry Siegel.

Mwaka 2017 ilitolewa filamu ya hali halisi Batman & Bill, inayosimulia utafiti wa Nobleman na juhudi za familia. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, kona ya barabara ya East 192nd Street na Grand Concourse huko Bronx ilipewa jina la Bill Finger Way. Kona hiyo iko karibu na bustani ya Poe Park, ambako Finger na Kane walikuwa wakikutana kujadili hadithi zao za kwanza.